Njaa ya Mtunya Haikuanza na Ukame

Ukizaliwa Ugogo, nchi ya Wagogo katikati ya Tanzania, unajifunza kuhesabu miaka kwa njaa kabla hujajua kuihesabu kwa kalenda. Kila njaa ina jina lake, na mzee akitaka kueleza mtu fulani alizaliwa lini, hutaja njaa iliyomtangulia au iliyomkuta mgongoni mwa mama yake. Katika orodha hiyo ndefu hakuna iliyo kubwa kuliko Mtunya. Iliingia mwaka 1917, ikakaa hadi 1920, na kwa makadirio ambayo wanahistoria huyatumia iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 150,000, yaani mtu mmoja katika kila watano.

Nimeamua kuandika juu yake kwa sababu karibu kila mahali ninapoikuta ikitajwa kwa ufupi, hutajwa kuwa ni ukame. Mvua haikunyesha, mazao yakakauka, watu wakafa: maelezo hayo ni mepesi, na yana faida moja kubwa kwa waliokuwa wakitawala wakati ule, kwamba hayamtaji mtu yeyote. Ukame ulikuwepo, sikatai. Lakini ukame ulikuwa wa mwisho kufika, baada ya majeshi mawili ya kigeni, la Wajerumani na la Waingereza, kupita juu ya nchi ileile katika Vita vya Kwanza vya Dunia, moja likirudi nyuma na jingine likisonga mbele, na baada ya jeshi lililoshinda kukaa na kuitawala nchi hiyo kana kwamba ni stoo yake. Ninachotaka kuonyesha ni namna hali ilivyozidi kuharibika chini ya utawala huo wa kijeshi, hata mwaka wa mvua haba, ambao Wagogo walikwisha kuuzoea, ukageuka kuwa mauti.

Ni lazima kwanza nieleze namna watu walivyokuwa wakiishi na ukame. Ugogo hupata mvua ya msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na kwa wastani kiasi chake kwa mwaka ni kati ya milimita 500 na 600. Uwele na mtama vilipendwa na vizazi vya wakulima wa huko kwa sababu huvumilia jua. Mwaka mzuri ulijaza vihenge kwa ajili ya mwaka mbaya. Kihenge kikiisha, ng'ombe waliswagwa hadi Uhehe, Ukaguru au kwa Warangi wa Kondoa, ambako mvua huwa na huruma zaidi, wakabadilishwa kwa nafaka. Asiyekuwa na ng'ombe alikuwa na shemeji au rafiki mwenye nao, kwa maana kukopeshana na kuwekeana mifugo ilikuwa desturi iliyowaunganisha hata watu wa vijiji vya mbali. Na mambo yote hayo yalihitaji vijana wenye nguvu: wa kulima mvua ya kwanza inapoanguka, wa kuswaga mifugo safari ya siku nyingi porini, wa kubeba nafaka kuirudisha nyumbani. Likikosekana moja kati ya haya, mengine yalishika nafasi yake. Vita viliyaondoa yote ndani ya muda wa miaka miwili.

Sitaki nionekane ninamwonea Mwingereza peke yake. Wajerumani nao walikuwa wageni walioitwaa nchi kwa bunduki, na ndio walioanza kuikamua. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwanzoni mwa 1914, ilikuwa imekata katikati ya Ugogo, na kwa hiyo vita vilipoanza mwezi Agosti mwaka huohuo Dodoma ikawa mahali rahisi pa kukusanyia chakula na watu. Kisha, mwezi Aprili 1916, vikosi vya Uingereza, ambavyo wengi wa askari wake walitoka Afrika Kusini, viliteka Kondoa Irangi chini ya Jenerali van Deventer. Kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alihamisha sehemu kubwa ya jeshi lake kutoka upande wa Kilimanjaro na kulileta kwa reli, likapanda kaskazini kumkabili. Masika ya mwaka ule yalikuwa makubwa mno. Barabara nyuma ya van Deventer ziligeuka matope, farasi wakafa kwa wingi, na askari wake, wakiwa wamekatika na ghala zao, wakaishi kwa kile walichokikuta vijijini. Kwa wiki kadhaa majeshi hayo mawili yalikaa yakitazamana, kila moja likila upande wake wa nchi: Kondoa ikilisha moja na Ugogo ikilisha jingine. Msomaji akumbuke kwamba Kondoa ndiko Mgogo alikokuwa akikimbilia na ng'ombe wake mwaka wa njaa.

Wajerumani walipoanza kurudi nyuma waliondoka na walichoweza kuondoka nacho, wakavunja madaraja ya reli ili adui asiyatumie. Dodoma iliingia mikononi mwa Waingereza tarehe 29 Julai 1916. Dar es Salaam ilifuata tarehe 4 Septemba, na Tabora ikatwaliwa na Wabelgiji tarehe 19 Septemba. Katika vitabu vingi vya vita hivyo Ugogo hauonekani tena baada ya hapo, kwa kuwa mapigano yalihamia kusini na waandishi wakayafuata huko. Kwa wenyeji, mzigo mkubwa zaidi ulikuwa bado haujatua.

Mzigo huo ulikuwa njia ya Iringa. Mwishoni mwa 1916 vikosi vya van Deventer vilipelekwa Iringa, na chakula na risasi zao zilipaswa kutoka Dodoma. Leo safari hiyo kupitia Mtera ni ya basi ya saa chache, kama kilomita 260 hivi. Wakati ule magari yalikuwa machache, wanyama wa kubeba walikufa kwa mbung'o, na mvua ilipoanza Ruaha Mkuu ukafurika, hivyo kilichobaki ni kichwa cha mwanadamu. Nimejaribu kupiga hesabu ya kukadiria. Tuseme mpagazi anabeba ratili 50 za unga (ratili ni karibu nusu kilo), anatembea kilomita 24 kwa siku, na posho yake ni ratili mbili kwa siku. Kwenda ni siku 11 na kurudi ni siku 11, kwa hiyo kama analishwa kutokana na mzigo wake mwenyewe atakula ratili 44, na askari aliye Iringa atapata ratili sita. Akizuiwa na mto kwa siku tatu, askari hapati kitu. Jeshi haliwezi kuendeshwa kwa hesabu ya namna hiyo. Ili mzigo ufike, mpagazi alipaswa ama kulishwa na vijiji vilivyo kando ya njia, ama kutolishwa kabisa, na mambo yote mawili yalitokea.

Waliokufa katika kazi hiyo hawakufa kwa risasi. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja, na makadirio ya waliokufa yanakaribia 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu. Unga wa mahindi waliopewa haukuwa chakula walichokizoea, mara nyingi haukusagwa vizuri, na mtu aliyefika kambini usiku akiwa hana kuni wala sufuria aliula ukiwa haujaiva. Mtu wa nchi ya joto kama Ugogo alipandishwa hadi baridi ya Iringa akiwa na blanketi moja, tena akiwa na bahati. Ukisoma kumbukumbu za madaktari wa jeshi utaona kwamba walilijua tatizo hili mapema. Kulijua hakukuzuia orodha nyingine ya majina kupelekwa kwa jumbe.

Watu hupenda kusema kwamba wapiganapo tembo wawili nyasi ndizo ziumiazo, nami huona kwamba methali hiyo inawapunguzia tembo lawama. Nyasi hukanyagwa bila kukusudiwa. Watu wa Ugogo waliandikwa majina, mifugo yao ikahesabiwa, ghala zao zikapimwa, kisha vikachukuliwa.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo wa kuchunga mbuzi wakati huo, upande wa Mvumi, na masimulizi yake hayakuwa na majenerali ndani yake. Yalikuwa na tarishi wa boma aliyefika na jumbe mvua za kwanza zilipoanza kuanguka, wakati ambapo hakuna mkulima anayetaka kuondoka. Wanaume walianza kulala vilimani. Mwanamume asipoonekana, alisema, ng'ombe wake walipelekwa bomani wakafungwa huko hadi ajitokeze, na alipojitokeza alichukuliwa yeye na baadhi ya ng'ombe wakabaki palepale. Mashamba ya mwaka ule yalilimwa na wanawake, wazee na watoto, kwa hiyo yalilimwa nusu, na nusu hiyo ililimwa kwa kuchelewa.

Jambo alilolirudia mara nyingi zaidi lilihusu mbegu. Mbegu ya uwele ilihifadhiwa ikiwa bado katika masuke yake, yakiwa yamening'inizwa juu ya jiko ndani ya tembe ili moshi uyakinge na wadudu. Baada ya miezi michache masuke hayo huwa meusi, yamejaa masizi, na mgeni akiyatazama huona takataka. Wakusanyaji wa chakula walipoingia nyumbani kwao walimaliza kihenge, wakatoka nje, na Mzungu aliyekuwa nao akawa tayari anaelekea nyumba ya pili. Askari mmoja mweusi ndiye aliyerudi ndani, akainua kitako cha bunduki yake na kuligonga fungu la masuke hadi likaanguka. Bibi hakumlaumu Mzungu kwa hilo, kwa kuwa Mzungu hakujua kilichokuwa juu ya jiko. Aliyejua ni mtu aliyekulia katika nyumba yenye jiko kama hilo, sijui wapi, na ambaye labda naye mama yake alikuwa akining'iniza masuke kama hayo. Kila nikisoma kwamba jeshi fulani liliishi kwa kutegemea nchi lililoikalia, hukumbuka kitako hicho cha bunduki.

Nilimuuliza kama walilipwa. "Mjukuu wangu, walitupa karatasi," alinijibu. "Baba akaitunza ndani ya pembe ya ng'ombe. Karatasi haipikwi."

Karatasi ile, kwa jinsi ninavyoelewa, ilikuwa stakabadhi, na stakabadhi hiyo ina historia yake katika sheria. Kanuni za The Hague za mwaka 1907, ambazo Ujerumani na Uingereza zote mbili zilikuwa zimeziridhia, zinasema katika kifungu cha 52 kwamba jeshi linaloikalia nchi ya adui haliruhusiwi kudai vitu wala kazi kutoka kwa wenyeji isipokuwa kwa mahitaji ya jeshi hilo lenyewe, kwamba madai hayo lazima yalingane na uwezo wa nchi, kwamba wenyeji wasilazimishwe kushiriki katika operesheni za kivita dhidi ya nchi yao, na kwamba kinachochukuliwa kilipiwe kwa fedha taslimu kadiri inavyowezekana, au kitolewe stakabadhi na kulipwa mapema iwezekanavyo. Ukikisoma kifungu hicho huku ukifikiria njia ya Iringa, utajiuliza waliokitunga walikuwa wakimfikiria nani. Walikuwa wakimfikiria mkulima wa Ulaya.

Siyasemi hayo kwa hasira tu. Kuna mfano ulio wazi. Katika miaka hiyohiyo Ubelgiji yenyewe ilikuwa imekaliwa na Wajerumani, na tangu 1914 kulikuwa na tume ya kimataifa, iliyoongozwa na Mmarekani Herbert Hoover, ambayo iliingiza chakula kwa meli ili raia wa Ubelgiji wasife njaa chini ya jeshi la kigeni. Magazeti ya London yaliandika kwa uchungu juu ya ng'ombe na ngano za Wabelgiji zilizochukuliwa na Wajerumani. Wakati huohuo Wabelgiji walikuwa wameikalia Tabora, Kigoma na Ujiji pamoja na Rwanda na Burundi, Waingereza wameikalia Dodoma, na katika nchi hizo hakukuwa na tume yoyote ya kuleta meli. Kaskazini-magharibi mwa Rwanda, majeshi ya Wajerumani na Wabelgiji yalipokwisha kupita, watu walikumbwa na njaa yao wenyewe, inayoitwa Rumanura, kati ya 1916 na 1918. Warundi na Wanyarwanda watakaosoma maneno haya wataitambua habari hii bila mimi kuirefusha.

Kuanzia Januari 1917 sehemu ya nchi iliyokuwa chini ya Waingereza ilipewa msimamizi wa kiraia, Horace Byatt, ambaye aliweka makao yake Wilhelmstal, mji tunaouita Lushoto. Mtu angetarajia kwamba kuja kwa raia kungepunguza makali. Katika wilaya zilizokuwa nyuma ya mapigano, hata hivyo, maofisa walioachwa kwenye maboma waliendelea kuwa na kazi moja iliyotangulia nyingine zote, nayo ni kulitafutia jeshi watu na chakula. Mwaka 1917 ndio mwaka ambao uandikishaji wa wapagazi kwa lazima ulifikia kilele chake katika Afrika Mashariki nzima, kwa sababu Lettow-Vorbeck alikuwa hajakamatika na kila hatua ya kumfuata kusini ilihitaji maelfu ya vichwa vingine vya kubebea. Viongozi wa wenyeji waliotumwa kukusanya watu walijikuta pabaya: anayetii anawapoteza watu wake, na anayekataa anapoteza cheo na huenda akafungwa. Naona haya kuwalaumu wote kwa jumla, ingawa baadhi yao walijua sana kuchagua vijana wa ukoo wasioupenda.

Kisha vita vikarudi. Kikosi kimoja cha Wajerumani kilichojitenga na jeshi kuu kusini-magharibi, kwanza kikiongozwa na Wintgens na baadaye na Naumann, kilipanda kaskazini mwaka 1917, kikavuka Reli ya Kati, kikazunguka katikati ya nchi kwa miezi kadhaa kikiishi kwa kupora, huku Waingereza na Wabelgiji wakikifukuza. Kilifika hadi Kondoa, na hakikusalimu amri mpaka mwanzoni mwa Oktoba 1917. Mtu akitazama ramani ya kijeshi, tukio hilo ni dogo, na wapo wanaolisimulia kama kisa cha ushujaa. Kwa Warangi na majirani zao maana yake ilikuwa kwamba kile walichokuwa wameanza kukirudisha ghalani baada ya 1916 kiliondoka tena, na waliokikomba safari hii walikuwa wakimbizwaji na wakimbizaji kwa pamoja.

Na pesa? Wajerumani walipokatika na ulimwengu walichapisha noti za muda pale Dar es Salaam, kwenye karatasi yoyote iliyopatikana, na mwaka 1916 katika karakana ya reli pale Tabora wakatengeneza sarafu ndogo za heli kwa shaba ya kuokoteza, pamoja na zile za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo ambazo leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei ya kutisha. Mfugaji aliyelazimishwa kuuza ng'ombe wake mwaka 1915 na kupewa noti hizo alikuwa, kwa maandishi, mtu aliyelipwa. Utawala ulipobadilika noti zake hazikununua hata kibaba cha chumvi. Hivyo hata wale waliolipwa na jeshi la kwanza waliingia katika miaka ya jeshi la pili wakiwa mikono mitupu, na sijawahi kuona hasara hiyo ikitajwa pamoja na sababu za Mtunya, ingawa kwa maoni yangu inastahili kutajwa.

Hapo ndipo mvua ilipokosekana. Mtu wa Ugogo alifanya kile ambacho baba yake na babu yake wangefanya, na kila alipogusa alikuta pamebomoka. Kihenge kilikuwa kimeshakombwa. Ng'ombe walikuwa wachache mno wa kuswaga popote. Kondoa ilikuwa na njaa yake. Vijana ambao wangetumwa Uhehe walikuwa njiani wakibeba mizigo, au wamekufa, au wamerudi na kuhara damu wakawaambukiza waliobaki. Reli iliyopita mlangoni, ambayo ingeweza kuleta nafaka kutoka mbali, ilikuwa bado ikitumikia jeshi kwanza.

Watu walikula ubuyu mpaka ukaisha kwenye miti iliyo karibu, wakachimba mizizi ya porini ambayo mingine hulazimu kuchemshwa na kumwagwa maji mara kadhaa ili isiue, wakaloweka ngozi za kulalia na kuzichemsha. Walihama kwa makundi kuelekea kusini na mashariki, na wengi waliachwa njiani. Jambo ambalo wazee hulisema kwa sauti ya chini ni la watoto, hasa wa kike, waliowekwa rehani kwa majirani waliokuwa na chakula. Dada mkubwa wa bibi yangu alipelekwa Ukaguru na kuachwa huko kwa mtama wa kujaza vibuyu viwili. Alirudishwa miaka mingi baadaye akiwa mama wa watoto, na ilibidi ng'ombe watoke ili arudi. Familia yetu haikumhesabu kuwa ameuzwa, wala haikumhesabu kuwa ameolewa. Walisema tu kwamba alikwenda na njaa.

Mwishoni mwa 1918 likaongezeka lile homa la mafua lililoizunguka dunia nzima, likipanda reli pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudishwa makwao. Lilikuta miili isiyokuwa na nguvu ya kupambana na kitu.

Lettow-Vorbeck alisalimu amri Abercorn, mji wa Zambia unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vilikwisha, na njaa ikaendelea kwa karibu miaka miwili zaidi, jambo ambalo peke yake linatosha kumfanya mtu atazame ule utawala uliokuwepo. Nchi ilikuwa haina mwenyewe. Ujerumani ilinyang'anywa makoloni yake katika mkataba wa Versailles wa Juni 1919, Wabelgiji na Waingereza wakagawana mwaka huohuo, jina la Tanganyika likaanza kutumika rasmi 1920, na dhamana ya Shirikisho la Mataifa ikathibitishwa 1922. Kwa kipindi chote hicho watawala walijiona ni wa muda, na serikali inayojiona ya muda haioni sababu ya kurudisha mifugo, kununua mbegu au kulipa madeni ya stakabadhi. Inangoja ijulikane kwanza nani atabaki na nchi. Ninaamini, na hili ni hukumu yangu, kwamba kungoja huko kuliua watu wengi kuliko upande wowote wa vita ulivyowahi kukiri.

Waliobaki hai waliikuta nchi imebadilika. Baadhi ya koo zilizokuwa na mifugo mingi zilikuwa zimefilisika, na watu wachache waliokuwa karibu na boma walikuwa wamepata ng'ombe kwa bei ya bakuli la unga. Uhusiano wa kukopeshana mifugo, uliokuwa umejengwa kwa vizazi, ulikuwa umekatika mahali pengi kwa sababu aliyekopesha na aliyekopeshwa wote walikuwa wamekufa. Kwenda kutafuta kibarua cha mshahara mbali na nyumbani, ambako kabla ya vita kulikuwa shughuli ya wachache, kukawa njia ya kawaida ya kijana kupata ng'ombe wake wa kwanza.

Pale Dar es Salaam, katikati ya Mtaa wa Samora, imesimama sanamu ya askari iliyozinduliwa mwaka 1927. Maandishi yake yanawakumbuka pia wapagazi, yakiwaita miguu na mikono ya jeshi, na kumwahidi anayeipigania nchi yake kwamba hata akifa wanawe watalikumbuka jina lake. Majina ya wapagazi hao yalikuwapo wakati huo, kwenye orodha za malipo, kwa sababu wengi walikufa kabla ya kupokea mishahara yao na jamaa zao hawakutafutwa. Fedha hizo zisizodaiwa ziligombaniwa kwa miaka mingi baina ya serikali za makoloni na wizara za London, na hazikulipwa kwa familia za waliozifanyia kazi.